Kampavan ya kukodi kwa matembezi ya hisani pwani ya Cornwall: kubwa usiguse, ndogo chukua

Kwa wenye haraka nianze na jibu kabisa. Kama nyie ni wawili, mke na mume au vyovyote, na mnataka kutembea pwani ndefu kwa miguu kuchangisha hela na mnafikiria kukodi kampavan iwe nyumba yenu ya njiani, kodini, ila kodini ndogo, na msilipe hata depoziti mpaka mjue gari litalala wapi kila jioni. Sisi tumetumia mbili. Ya kwanza kubwa, lile jumba lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, ya pili ndogo ya saizi ya Transporter, ile basi ndogo ya Volkswagen, yenye dari la kuinua, na hizi mbili ni mbingu na ardhi. Majina ya waliotukodisha siyataji, wala msiniulize inbox.

Njia yenyewe inaitwa South West Coast Path, iko kusini-magharibi mwa England. Inaanzia Minehead kule Somerset, inapita Devon ya kaskazini, inaizunguka Cornwall yote, inarudi Devon ya kusini af inamalizikia South Haven Point, mdomoni mwa bandari ya Poole, Dorset. Maili 630, yaani kilomita 1,014, na ukijumlisha vilima vyote unavyopanda inazidi mita 35,000, wenyewe wanapenda kusema ni Everest mara nne. Mimi Everest sijaiona siijui, nilichokiona ni kwamba hii njia haina njia ya mkato. Zamani ilikuwa ya walinzi wa pwani waliokuwa wanawasaka watu wa magendo, kazi yao ilikuwa kuchungulia kila ghuba na kila pango, kwa hiyo na wewe leo unashuka kila ghuba mpaka chini unagusa maji unapanda tena, unashuka unapanda, na kijiji unachokiona pale ng'ambo kwa macho kinakuchukua saa nzima na zaidi. Na barabara sasa haifuati pwani kabisa, inakimbilia bara huko juu, kwa hiyo hapo ng'ambo ambapo wewe umefika kwa miguu na jasho lako, gari linaweza kuwa limezunguka mbali kuliko ulivyotembea. Hii ndo sababu ya review nzima hii, watu wanadhani kampavan inakufuata pembeni kama kwenye mbio za baiskeli za kwenye TV. Haikufuati. Unaitumikia. Mpaka siku nyingine nilikuwa namwambia shemeji yenu kwamba umeniletea mke mwenza, tunaamka tunampangia yeye kwanza atakaa wapi ndo tujue sisi tunatembea wapi.

Tulikuwa tunachangisha kwa ajili ya RNLI, shirika la boti za uokoaji, lipo tangu 1824 na linaishi kwa michango ya watu. Wengi wanaopanda zile boti ni wa kujitolea, mtu ni fundi bomba au mwalimu au mvuvi, kipeja kikilia anaacha alichoshika anakimbia kushusha boti. Mimi ni mtu wa Pangani, nina ndugu Pemba, na hakuna mtu wa pwani yetu ambaye ukimtajia Spice Islander hanyamazi, ile ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba na mamia ya watu hawakurudi. Kwa hiyo habari ya boti ya kuokoa watu sikuhitaji kushawishiwa. Kwenye grupu la familia ndo walihitaji kushawishiwa, shangazi mmoja akauliza yaani tuwachangie wazungu? Nikamwambia shangazi bahari haiulizi pasipoti, akatuma.

Kuhusu hela niseme hapa maana inawachanganya wengi walioko Uingereza. Anayechangia akiwa analipa kodi huku aweke tiki kwenye Gift Aid, kila paundi moja aliyotoa shirika linaongezewa senti 25 kutoka serikalini bila yeye kutoa zaidi. Shangazi wa Tanga aliyetuma kwa simu halipi kodi Uingereza, kwa hiyo hela yake ukiiingiza wewe kwa kadi yako usiweke tiki kujifanya ni yako, hiyo ni kudanganya. Na jambo la pili, kampavan tulilipa mfukoni mwetu, dizeli mfukoni mwetu, kambi mfukoni mwetu, na tuliandika hivo wazi kwenye ukurasa wa mchango tangu siku ya kwanza. Watu wetu wamezoea kamati za harusi, wanajua hela inavyoyeyuka kwenye "usafiri na chakula cha wanakamati". Ukishaandika wazi unashangaa jinsi mikono inavyofunguka.

Haya, gari kubwa. Kwenye picha tamu sana. Choo ndani, bafu ndani, meza, friji ya maana, jiko la gesi la mafiga matatu, hita. Jamaa alitukabidhi kwa kasi utadhani anafukuzwa, hiki hapa hiki pale, saini. Tukaenda Minehead. Kule bahari ikipwa unadhani imeondolewa kabisa, ule mlango wa bahari wa Bristol Channel tofauti ya maji kupwa na kujaa ni kati ya kubwa zaidi duniani, sisi wa Pangani tunaojidai tunajua kupwa na kujaa tulibaki tunatazama tope tu. Af baada ya Minehead tu kuna Porlock Hill, barabara yenye mwinuko wa 1 kwa 4 na kona za kujikunja, na wewe uko kwenye jumba la karibu tani tatu na nusu ambalo sahani zinagongana nyuma. Kuna barabara ya pembeni ya kulipia inapanda taratibu, lipeni hiyo, ni hela kidogo na ndoa inabaki salama.

Kuhusu leseni, gari hadi kilo 3,500 unaendesha kwa leseni ya kawaida ya B, ila angalia uzito kamili wa gari likiwa na mizigo. Maji lita 100 ni kilo 100, mkijaza tangi na gesi na mchele na unga wa sembe mliobeba kama mnahama mnaweza kuzidisha bila kujua.

Barabara za Cornwall ndo zilinimaliza. Vijia vyembamba, pande zote mbili kuna ukuta wa majani unaona kama ua la michongoma tu, kumbe ndani ya yale majani ni mawe. Mawe kabisa, wenyewe wanaujenga hivo tangu enzi. Mkikutana na trekta mmoja arudi nyuma mpaka penye upana, na trekta halirudi. Mimi nashuka nasimama nyuma kama kondakta wa Mbagala, rudi rudi rudi, shika kulia, basiii. Gari kubwa likapata mkwaruzo ubavuni, mdogo, na hapo ndo tukajua maana ya ule mstari kwenye mkataba kuhusu kiasi unachobeba mwenyewe kabla bima haijaingia. Walikata karibu depoziti yote. Barua pepe tatu wakajibu moja. Ushauri, wakati wa kukabidhiwa piga video gari lote, na paa, na chini, na vioo vya pembeni, na sauti yako ikitaja tarehe, na kama kuna bima ya kupunguza kile kiasi chukua hata kama roho inauma.

Lakini kilichonifanya nilichukie lile gari sio mkwaruzo, ni betri. Hili sijaliona watu wakilieleza vizuri kwa hiyo vumilieni. Kampavan ina betri mbili, moja ya injini na moja ya nyumba, hii ya nyumba ndo inawasha taa, pampu ya maji, feni ya hita, chaja za simu. Betri ya nyumba inajichaji injini ikiwa inatembea, au ukichomeka waya wa umeme kambini, au kwa sola. Sasa mtu wa likizo ya kawaida anaendesha masaa kila siku, betri inajaa yenyewe hata hajui ipo. Mtu wa kutembea pwani anahamisha gari kipande kidogo tu kwa siku, dakika chache kijiji hiki mpaka kile, betri haijai hata nusu, na jioni mmelowa mnataka hita na simu zote mbili na saa ya shemeji yenu na kile kitochi cha kichwani. Usiku wa tatu giza. Gari lile halikuwa na sola, na nilipopiga simu kuuliza wakaniambia "endesheni kidogo itajaa". Niendeshe niende wapi, mimi natembea kwa miguu! Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza anayekodisha sio kitanda kina upana gani, ni je, ina sola juu, na friji inatumia umeme wa betri au gesi.

Choo cha ndani nacho watu wanakisifia sana. Kinaishia kwenye kaseti, lile boksi la chini, na kaseti lazima mtu aivute, aibebe, akaimwage sehemu maalum kambini. Mazungumzo ya nani anaimwaga leo siwezi kuyaandika hapa. Nyota mbili, na hizo ni za hita usiku ule betri ilipokuwa nzima.

Kipande cha pili tukachukua ndogo kutoka kwa mtu binafsi anayekodisha gari lake. Hii aisee. Ina sola, dari linainuka kitambaa kikiwa pembeni unapata hewa, kitanda cha chini ni siti unailaza, jiko la mafiga mawili, friji ndogo ya kufungulia juu, na choo hakuna, kuna kile kidogo cha kubeba cha dharura tu na tuliapa hakitatumika. Na kitu ambacho hakiandikwi kwenye tangazo, urefu wake wa kwenda juu likiwa limefungwa dari ni chini kidogo ya mita mbili. Maegesho mengi ya ufukweni yana chuma cha kuzuia magari marefu pale mlangoni. Lile jumba lilikuwa linazuiwa mara kwa mara tunaanza kuzunguka kutafuta pa kupaki wakati miguu inawaka moto, hii ndogo inapita kama gari la kwenda sokoni. Mkiwa wanachama wa National Trust, shirika la hisani linalotunza ardhi na majengo ya kale, maegesho yao mengi mnapaki bure, na wana ardhi kubwa sana kwenye hii pwani, kwa hiyo uanachama unajilipa wenyewe. Ila kupaki mchana ni kitu kimoja na kulala ni kingine, England hamruhusiwi kulala popote tu mnapojisikia, inabidi mwenye ardhi akubali, na maegesho mengi yana kibao cha kukataza usiku. Sisi tulilala kambini karibu siku zote, nyingine ni shamba la mkulima tu lenye bomba na choo na boksi la kutumbukiza hela, na hizo ndo zilikuwa nzuri kuliko zenye bwawa na disko la watoto.

Ubaya wa ndogo ni unyevu. Watu wawili, makoti mawili yaliyolowa, viatu vinne, asubuhi vioo vinatiririka maji ndani. Tulikuja kununua turubai la kufunga ubavuni viatu vikalala huko. Shemeji yenu ni mrefu, miguu ilikuwa inagusa mlango wa nyuma, analala kimshazari na mimi nabaki na pembetatu. Kupika ndani pia ufikirie, tulinunua makrel pale Newlyn, bandari ya wavuvi, hao ni ndugu zake vibua kabisa, wametoka baharini hapohapo, nikakaanga ndani kwa sababu nje kuna upepo, tamu mno na ugali, ila gari lilinuka mpaka Lizard na Lizard ndo ncha ya kusini kabisa ya Uingereza bara. Pasti za Cornwall, kama sambusa kubwa za kuoka, kila mtu anazisifia, zile za asili zina nyama ya ng'ombe na viazi, mtu wa halali chukua za jibini au za mboga, zinashibisha na unazila mkononi huku unatembea.

Namna ya kulitumia gari tumejaribu karibu zote. Kupokezana, mmoja anatembea mwingine anaendesha, ni rahisi kweli lakini mnageuka watu wawili wanaopeana funguo, na wachangiaji walichangia tutembee wote. Kutembea wote af kurudi na basi kulifuata gari jioni ndo wengi wanafanya, na ni kosa kwa sababu kutwa nzima unaangalia saa, basi la mwisho la vijijini linapita mapema na Jumapili unaweza usilione kabisa. Fanyeni kinyume. Asubuhi pelekeni gari mahali mnapotaka kumalizia, pandeni basi mrudi mlipoishia jana, af tembeeni kulifuata gari. Mkichelewa hamna neno, mkinyeshewa hamna neno, mwisho wa njia kuna chai. Nauli kwa basi nyingi za England tangu Januari 2025 ina kikomo cha paundi 3 kwa safari moja, kwa hiyo haiumizi. Kipande cha Hartland Quay mpaka Bude, kama kilomita 25 za mabonde ya kushuka na kupanda hayaishi, bila kujua gari limeshatangulia Bude ningekaa chini nikalia, na nilikaribia.

Mito ndo inavuruga mpango, maana mdomo wa mto mkubwa mara nyingi unavuka kwa kivuko cha watu tu, gari linazunguka. Padstow kwenda Rock, Fowey kwenda Polruan, Salcombe, kote boti ndogo, angalieni ratiba maana nyingine ni za msimu. Mto Erme hakuna kivuko kabisa, unavuka kwa miguu maji yakiwa yamepwa, saa moja kabla na saa moja baada, basi. Wenyeji wanaliongelea kwa hofu, hapo mimi ndo nilikuwa kiongozi kwa mara ya kwanza safari nzima, nikaangalia mwezi, nikaangalia jedwali la maji, nikamwambia shemeji yenu tusubiri bamvua, siku za maji mafu hayapwi vya kutosha. Tukavuka maji ya magotini huku Waingereza wengine wamesimama ukingoni wanasoma kibao.

Kuna kipande kimoja sitakifanyia utani. Ukitoka kijiji cha Mousehole kwenda Newlyn unapita kwenye nyumba ya zamani ya boti ya Penlee. Tarehe 19 Desemba 1981 boti ya Solomon Browne ilishuka kutoka hapo kwenye dhoruba kwenda kuisaidia meli ya Union Star iliyokuwa imezimikiwa injini, ndani yake watu wanane, na wa kwenye boti wanane, wote kumi na sita walikufa. Wanane wa boti wote walikuwa watu wa kijiji kimoja. Nahodha wao alikuwa Trevelyan Richards. Mpaka leo taa za Krismasi za Mousehole zinapunguzwa kila tarehe hiyo. Tulikaa pale muda, shemeji yenu akasoma Fatiha, na jioni ile nilipoweka picha kwenye ukurasa mchango uliingia kuliko siku nyingine yoyote, bila mimi kuandika maneno ya kuomba. Kama mnachangisha kwa ajili ya shirika fulani chagueni njia inayopita kwenye kazi yake, hii pwani kila baada ya muda unakuta kituo cha boti, Ilfracombe, Clovelly, Padstow, Sennen Cove, Weymouth, unaweza kumuonesha mtu hela yake inaenda wapi.

Dorset angalizo moja kubwa, kati ya Lulworth na Kimmeridge njia inapita uwanja wa jeshi wa kupigia mizinga, siku za kazi mara nyingi wanafunga, wikendi nyingi iko wazi. Pangeni hiyo wikendi ya kufika hapo kabla hamjalipia kambi yoyote ya mwisho, vinginevyo mnazunguka bara mwendo mrefu usio na bahari.

Na kipande cha mwisho kabisa, hakuna aliyenionya, kwa hiyo nawaonya mimi. Kabla ya kufika South Haven Point unapita ufukwe wa Studland, na sehemu yake imetengwa rasmi kwa watu wasiovaa nguo. Wazee wa watu wametulia wanakunywa chai kwenye chupa. Mimi na hijabu yangu na koti la mvua na fimbo mbili, nadhani nilikuwa nimevaa kuliko ufukwe mzima kwa pamoja. Babu mmoja akatuuliza kwa adabu zote mnachangisha kwa ajili ya nini, tukamwambia, akasema anatamani kutupa chochote ila hana mfuko. Shemeji yenu alikuwa ameikazia macho bahari utadhani kapoteza kitu huko.

Gari ndogo naipa nyota nne na nusu, nusu nimeikata kwa ajili ya vioo kutiririka. Bei hupanda vibaya shule zikifunga Julai na Agosti, sisi kipande cha Septemba tulilipa nafuu zaidi na kambi hazikujaa, Mei pia ni nzuri. Pale mwisho kuna kivuko cha minyororo cha Sandbanks kinabeba na magari, kwa hiyo lilazeni gari upande wa Studland mvuke nalo, na makao makuu ya RNLI yako hapohapo Poole kama mnataka kupita. Kurudisha gari rudisheni asubuhi kukiwa na mwanga wa kupiga video nyingine, na mkiwa mmekaanga samaki ndani siku mbili kabla acheni milango wazi.